Aleksei Larionov, Katibu wa Kwanza wa Ryazan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wasomaji wanaoanza kufuatilia historia ya Umoja wa Kisovieti hukutana mapema na majina ya Stalin, Khrushchev na Gorbachev, lakini ni wachache wanaopata nafasi ya kumtazama kwa karibu katibu wa chama wa mkoa, yaani mtu aliyepokea amri za Moscow na kuzigeuza kuwa nafaka, maziwa na nyama. Maswali yaliyo hapa chini yanamhusu mmoja wao, aliyepanda ngazi za chama kwa zaidi ya miaka 30 na kuporomoka ndani ya mwaka mmoja kwa sababu ya ahadi ya kuzalisha nyama mara tatu.

Larionov alikuwa nani?

Aleksei Nikolayevich Larionov alizaliwa mwaka 1907 katika eneo la Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, na alijiunga na Chama cha Kikomunisti mwaka 1927 akiwa kijana wa miaka ishirini. Alikuwa wa kizazi kilichopanda haraka kwa sababu ya kutisha: msako wa miaka ya 1937 na 1938 ulikuwa umewaondoa maelfu ya viongozi wa chama, wengi wao kwa kupigwa risasi, na viti vyao vilikaliwa na vijana waliokuwa na umri wa miaka 30 au hata chini ya hapo. Mwaka 1942, katikati ya vita, alikuwa Katibu wa Kwanza wa mkoa wa Yaroslavl ulio kando ya mto Volga, akichukua nafasi ya Nikolai Patolichev aliyehamishiwa Chelyabinsk. Yaroslavl wakati huo ulikuwa ukitengeneza matairi ya magari ya jeshi na kupokea watoto waliookolewa kutoka Leningrad iliyozingirwa, kwa hiyo haikuwa kazi ya kukaa ofisini na kupiga mihuri.

Baada ya vita alifanya kazi kwa muda katika makao makuu ya Kamati Kuu mjini Moscow, kisha mwaka 1948 akapelekwa Ryazan, ambako alibaki kuwa Katibu wa Kwanza hadi mwaka 1960. Tangu mwaka 1952 alikuwa pia mjumbe wa Kamati Kuu ya chama kwa nchi nzima.

Ryazan ni mahali gani?

Ni mkoa ulio kusini-mashariki mwa Moscow, umbali wa kiasi cha kilomita 200 kutoka mji mkuu, ukikatwa na mto Oka. Ulikuwa mkoa wa kilimo wenye watu wasiopungua milioni moja na laki nne, uliojulikana kwa viazi, maziwa na nafaka kuliko kwa viwanda. Katika miaka hiyohiyo tunayoizungumzia, Aleksandr Solzhenitsyn alikuwa akiishi mjini humo kama mwalimu wa shule asiyejulikana, akiandika usiku.

Katibu wa Kwanza wa mkoa alikuwa na madaraka gani hasa?

Msomaji wa Tanzania anaweza kuanza na jambo analolijua. Baada ya mwaka 1962, mkuu wa mkoa alikuwa pia katibu wa TANU wa mkoa, hivyo mtu mmoja alishika kofia ya serikali na kofia ya chama. Katika Umoja wa Kisovieti kofia hizo zilivaliwa na watu wawili tofauti, lakini hakuna aliyekuwa na shaka ni ipi iliyo kubwa. Mwenyekiti wa kamati ya utendaji ya mkoa, ambaye kwa karatasi ndiye aliyeongoza serikali, alikuwa mmoja tu wa wajumbe wa kikao kidogo cha kamati ya chama ya mkoa, ile iliyoitwa obkomu, na kikao hicho kiliongozwa na Katibu wa Kwanza.

Kupitia obkomu, katibu huyo aliamua nani awe mwenyekiti wa shamba la ushirika, nani awe mhariri wa gazeti la mkoa, nani awe mkurugenzi wa kiwanda, na mara nyingi hata siku ya kuanza kupanda. Wenyeviti wa mashamba ya ushirika walichaguliwa na wanachama kwa kunyoosha mikono, lakini jina lililopigiwa kura lilikuwa limeletwa na katibu wa wilaya aliyefika asubuhi kwa gari, naye alikuwa amelipata kutoka ngazi ya juu yake. Kama mvua ilichelewa, simu ya kuuliza kwa nini haikwenda kwa mtaalamu wa kilimo, ilikwenda kwa katibu.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba mtu huyu mwenye nguvu zote nyumbani alikuwa mnyonge kabisa mbele ya Moscow. Fedha za barabara, mgao wa saruji, matrekta, mbolea, na hata idhini ya kujenga ukumbi wa michezo vilipaswa kuombwa wizarani na katika Kamati Kuu. Nusu ya kazi yake ilikuwa kuomba, na nusu nyingine kuonyesha kwamba anastahili kupewa.

Alichaguliwa na nani?

Kwa mujibu wa katiba ya chama, alichaguliwa na wajumbe wa kamati ya mkoa. Kwa hali halisi, aliteuliwa na Kamati Kuu, ambayo ilikuwa na orodha ya nafasi zisizoweza kujazwa bila idhini yake, na orodha hiyo ndiyo iliyoitwa nomenklatura. Ndiyo maana Larionov, mtu wa Arkhangelsk, angeweza kupelekwa Yaroslavl na baadaye Ryazan bila wakazi wa huko kuwa na neno la kusema. Hakuwategemea kwa kiti chake, na wao hawakuwa na njia ya kumwondoa. Sentensi hiyo moja inaeleza sehemu kubwa ya yaliyofuata.

Kabla ya mwaka 1959 alionwa kuwa kiongozi mzuri?

Ndiyo. Uzalishaji wa maziwa katika mkoa wake ulipanda katikati ya miaka ya 1950, mashamba yakapata nafuu baada ya miaka migumu ya mwisho wa utawala wa Stalin, na magazeti ya Moscow yaliutaja mkoa huo kama mfano. Hakuwa mtu wa kupuuzwa, na hapa ndipo wanaomwandika kama mpumbavu aliyelewa madaraka wanapokosea.

Ahadi ya kuzalisha nyama mara tatu ilitoka wapi?

Mei 1957, akihutubia mjini Leningrad, Nikita Khrushchev, kiongozi wa chama cha nchi nzima, alitangaza kwamba Umoja wa Kisovieti utaifikia na kuipita Marekani kwa nyama, maziwa na siagi kwa kila mtu, tena katika muda wa miaka michache. Kwa nyama, hilo lilimaanisha kuzidisha uzalishaji zaidi ya mara tatu. Wachumi waliomwambia kuwa miaka hiyo haitoshi hawakusikilizwa, na mwaka 1958 ulipokwisha bila dalili ya kukaribia lengo, Moscow ilihitaji mkoa mmoja utakaothibitisha kwamba kiongozi alikuwa sahihi.

Ryazan ulijitokeza, au ulisukumwa ujitokeze; wanahistoria wengi wanaona kuwa simu kutoka idara ya kilimo ya Kamati Kuu zilikuwa na uzito mkubwa katika jambo hili. Mwaka 1958 mkoa ulikuwa umeiuzia serikali kama tani 48,000 za nyama. Mpango wa mwaka 1959 ulikuwa tani 50,000. Larionov aliahidi tani 150,000. Tarehe 9 Januari 1959 ahadi hiyo ilichapishwa katika Pravda, gazeti kuu la chama, na tangu asubuhi hiyo ilikuwa ahadi ya chama kizima mbele ya ulimwengu. Mikoa mingine nayo ikaanza kutoa ahadi zake, kwa kuwa hakuna katibu aliyetaka kuonekana amelala wakati jirani yake anakimbia.

Kwa nini haikuwezekana? Je, hawangeweza kuongeza juhudi?

Mfugaji yeyote wa Kondoa au Kajiado angejibu swali hili kwa dakika moja. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na huzaa ndama mmoja. Ndama huyo, akilishwa vizuri, huhitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi kufikia uzito wa kuchinjwa wenye faida, na katika Urusi ya kati yenye baridi ndefu lazima alishwe ndani kwa miezi kadhaa kila mwaka kwa nyasi kavu zilizovunwa kiangazi. Nguruwe huzaa haraka zaidi, lakini hula nafaka, na nafaka haikuwapo ya kutosha. Kwa hiyo ndama ambaye angechinjwa mwishoni mwa 1959 alipaswa kuwa tayari tumboni mwa mama yake kabla hata ya hotuba ya Leningrad kusahaulika, na hakuwemo.

Katika hali hiyo, kuna njia moja tu ya kupata nyama mara tatu ndani ya mwaka mmoja, nayo ni kuchinja mifugo ya miaka inayokuja.

Tani 150,000 zilipatikanaje, basi?

Walianza na vilivyokuwa halali kuchinjwa, kisha wakahamia kwenye vile ambavyo hakuna mfugaji angevigusa. Ndama wote waliozaliwa mwaka huo walipelekwa machinjioni. Baada yao walifuata ng'ombe wa maziwa, tena si wazee walioacha kutoa maziwa peke yao, bali sehemu kubwa ya kundi lenyewe, pamoja na madume ya mbegu. Kila kichwa kilichochinjwa kilikuwa kilo kadhaa katika jedwali la mwaka 1959 na pengo katika majedwali ya miaka iliyofuata.

Hilo halikutosha. Wanakijiji wa Kisovieti waliruhusiwa kuwa na ng'ombe wao nyumbani, na kwa familia nyingi huyo ng'ombe mmoja ndiye aliyekuwa tofauti kati ya kula na kulala njaa. Maofisa walipita nyumba kwa nyumba wakichukua mifugo hiyo kwa kile walichokiita mkopo wa muda, na kuwaachia wenyewe stakabadhi. Aliyekuwa na kumbukumbu ya miaka ya 1930, wakati mashamba yalipounganishwa kwa nguvu, hakuhitaji kuelezwa thamani ya karatasi hiyo.

Hatua iliyofuata ilikuwa kununua nje ya mkoa. Mawakala wa Ryazan walivuka mipaka kwenda mikoa ya jirani kutafuta ng'ombe, wakitumia fedha zilizotengwa kwa mashine, shule na barabara, hadi majirani, ambao nao walikuwa na mipango yao ya kutimiza, wakaanza kuwazuia. Mashamba ya ushirika yalikuwa tayari yamekamuliwa, kwani mwaka 1958 vituo vya matrekta vya serikali vilivunjwa na wakulima wakalazimika kuzinunua mashine hizo wenyewe. Sasa waliambiwa watafute fedha za ng'ombe pia. Taasisi za mkoa ambazo hazikuwahi kufuga hata kuku zilipangiwa kiwango cha nyama cha kuikabidhi serikali.

Kilele cha yote kilikuwa ununuzi wa nyama madukani. Nyama iliyokwisha kuuzwa na serikali ilinunuliwa kwa bei ya duka, ikarudishwa katika kituo cha serikali na kuandikwa kama mauzo mapya. Kilo ileile ilihesabiwa mara mbili, na hakuna mtu aliyeila mara mbili. Nasi tuliozoea kusikia habari za wafanyakazi hewa katika orodha za mishahara hatuna budi kuiita kwa jina lake: ilikuwa nyama hewa.

Hakuna aliyejua wakati hayo yakitendeka?

Walijua wengi sana, na hilo ndilo gumu kwa msomaji wa leo kulielewa. Alijua mwanamke aliyefungua zizi na kukuta halina kitu, alijua karani aliyeandika namba, walijua viongozi wa mikoa ya jirani waliokuwa wakiwafukuza wanunuzi. Kilichokosekana ni mahali pa kulipeleka neno hilo. Gazeti la mkoa lilikuwa chini ya obkomu, mwendesha mashtaka alikaa katika vikao vilevile, na barua zilizofika Moscow zilikuta kwamba Khrushchev mwenyewe alikuwa amefika Ryazan mwezi Februari 1959 kuukabidhi mkoa Nishani ya Lenin, wakati ahadi ya nyama ilikuwa ndiyo kwanza imeanza safari yake. Baada ya picha za sherehe hiyo kuchapishwa, kuuliza habari za ng'ombe kulikuwa sawa na kumuuliza kiongozi mkuu kama ana akili timamu.

Ahadi ilitimizwa au haikutimizwa?

Katika karatasi, ilitimizwa. Katikati ya Desemba 1959 mkoa ulitangaza kwamba tani 150,000 zimeuzwa kwa serikali, na papo hapo ukaahidi tani 180,000 kwa mwaka 1960. Mwezi huohuo Larionov alitunukiwa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa. Jina lake liliingia katika hotuba na vitabu vya mafunzo ya chama, na viongozi wa mikoa mingine walitakiwa kuja kujifunza.

Ahadi ya pili ndiyo inayonishangaza kuliko ya kwanza. Ya kwanza inaweza kuelezwa kwa shinikizo, kwa tamaa, au kwa matumaini kwamba katikati ya mwaka Moscow itapata jambo jingine la kushughulikia. Ya pili ilitolewa na mtu aliyejua kwamba mazizi ni matupu. Lakini katika mfumo ambao mpango wa mwaka mpya ulianza kuhesabiwa kutoka matokeo ya mwaka uliopita, kuahidi pungufu ya tani 150,000 kungekuwa kukiri. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa amefika mwisho wake huku bado akipigiwa makofi.

Mwaka 1960 ulikuwaje?

Mkoa uliuza kama tani 30,000, yaani sehemu moja ya sita ya ahadi, na pungufu hata ya ulichokuwa ukiuza kabla ya muujiza. Idadi ya mifugo katika mashamba ya ushirika ilikuwa imeshuka kwa kiasi cha thuluthi mbili ikilinganishwa na mwaka 1958. Wanakijiji waliodai warudishiwe ng'ombe wao walikuta hakuna cha kurudishiwa, na wengi wao wakagoma kulima mashamba ya pamoja, hivyo mavuno ya nafaka nayo yakaanguka kwa kiasi cha nusu. Hapo ndipo jambo lilipokosa kufichika, kwa sababu nyama inaweza kuandikwa mara mbili, lakini shamba lisilopandwa huonekana na kila apitaye barabarani.

Larionov alikufaje?

Alifariki mwaka 1960, katika majira ya kupukutika majani, akiwa na umri wa miaka 53, wakati uchunguzi wa Moscow ulipokuwa umemfikia. Sababu iliyotajwa rasmi ilikuwa moyo. Wakazi wa Ryazan hawakuiamini, na wanahistoria wengi hueleza kwamba alijiua kwa risasi.

Alikuwa mhanga wa mfumo au mkosaji?

Nimeona majibu ya aina mbili, na yote mawili yananiacha nikiwa na mashaka. Wanaomtetea husema alikuwa kitu tu mkononi mwa Khrushchev, na kwamba angekataa angeletwa mwingine wiki iliyofuata. Wanaomlaani humwona kama mtafuta vyeo aliyeunguza mkoa kwa ajili ya nyota ya dhahabu kifuani.

Kwa maoni yangu, lililo muhimu ni lile lililotajwa hapo juu kuhusu uteuzi. Miaka 33 ya maisha yake katika chama ilimfundisha somo moja: hukumu hutoka juu, nayo hutolewa kwa namba. Katika Yaroslavl ya vita somo hilo lilikuwa la kweli na la haki, maana tairi ama ilifika mstari wa mbele au haikufika, na aliyeshindwa hakuwa na udhuru. Alilichukua somo lilelile hadi kwenye mazizi ya wakati wa amani. Hata hivyo, si makatibu wote waliofanya alivyofanya. Wapo waliotoa ahadi ndogo, wakajibu simu kwa adabu, wakavuta muda hadi upepo ukageuka, na wakastaafu wakiwa na nishani zao na ng'ombe wa mkoa wakiwa hai. Nafasi ya kufanya hivyo ilikuwapo, ingawa ilikuwa nyembamba, naye hakuitumia.

Je, ni Ryazan peke yake?

La. Stavropol, mkoa wa kusini ambako Mikhail Gorbachev alikuwa wakati huo kiongozi kijana wa Komsomol, umoja wa vijana wa chama, katibu wake Ivan Lebedev alikimbilia mbio hizohizo na akaondolewa madarakani mwaka 1960. Katika Tajikistani, Katibu wa Kwanza Tursun Uljabayev alifukuzwa mwaka 1961 kwa kupika takwimu za pamba. Katika kikao cha Kamati Kuu cha Januari 1961 Khrushchev aliwashambulia vikali wadanganyifu wa takwimu, bila kueleza ni nani aliyewaomba takwimu za namna ile.

Sheria ilibadilika baada ya hapo?

Tarehe 24 Mei 1961 ilitolewa amri iliyofanya kuongeza takwimu za utimizaji wa mipango kuwa kosa la jinai, lenye adhabu ya kifungo cha hadi miaka mitatu. Warusi walikuwa na neno la kosa hilo zamani kabla ya Larionov, pripiski, lenye maana ya yaliyoandikwa nyongeza. Amri haikugusa namna makatibu walivyoteuliwa wala namna mipango ilivyopangwa, na udanganyifu mkubwa zaidi, ule wa pamba ya Uzbekistani, ulikuja kufichuliwa katika miaka ya 1980.

Ni kweli kwamba kisa hiki kilisababisha mauaji ya Novocherkassk?

Si moja kwa moja, na hatupaswi kuubebesha mkoa mmoja mzigo wa nchi nzima. Lakini nyama iliyoahidiwa mwaka 1957 haikuja, na tarehe 1 Juni 1962 serikali ilipandisha bei ya nyama kwa kiasi cha asilimia 30 na ya siagi kwa asilimia 25, ikieleza kwamba fedha zinahitajika kuinua ufugaji. Katika kiwanda cha vichwa vya treni cha Novocherkassk, mji wa kusini mwa Urusi, ambako malipo ya kazi yalikuwa yamepunguzwa karibuni, wafanyakazi waligoma siku hiyohiyo. Kesho yake, tarehe 2 Juni, askari waliwafyatulia risasi katika uwanja ulio mbele ya ofisi ya kamati ya chama ya mji. Walikufa watu 26.